Shule yetu ya kata huku Barabara ya Pangani, Tanga: niijuavyo mimi fundi wa sare

FundiSketi ameandika:

Habari za jioni jamani. Wakubwa zangu shikamooni.

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wapo watu humu wanafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, wanazitafuta shule za pembezoni mwa jiji letu, wakiona safu ya divisheni four na ziro wanapiga picha wanatuletea. Chini yake maneno ya dharau ni yale yale: Kayumba, yeboyebo, kiwanda cha bodaboda. Mwaka huu iliyoletwa ni ya shule ya kwetu. Binti yangu yumo kwenye ile picha, ana divisheni four ya pointi 28. Nimekaa nalo moyoni wiki nzima. Leo naomba niwaeleze shule yenyewe.

Jina naliacha. Walimu bado wako kazini na watoto bado wanasoma, sitaki mtu aende kuwasumbua. Ni shule ya kutwa, ukitoka mjini unapita Tangasisi na Mwahako, unaendelea na lami, kisha unakata kwenye njia ya mchanga kati ya minazi na mihogo. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko pale njia inapokatia. Sare nashona mwaka wa kumi na mbili sasa.

Ukitaka kuijua shule hii kaa kwangu Desemba na Januari. Fomu ya kujiunga inaagiza sketi mbili, mashati mawili, hijabu kwa wanaovaa, na sweta. Anakuja mama ananiambia, "Fundi, nishonee sketi moja, uweke pindo." Namwekea pindo la vidole vinne. Januari ya pili nalishusha kidogo, ya tatu nalishusha tena. Kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kinatoka na rangi yake mbichi, na pale palipokunjwa unabaki mstari. Kwa hiyo mtoto akipita mbele ya kibanda sihitaji kumuuliza yuko kidato gani. Mistari miwili, huyo ni wa tatu. Na nikiona sketi mpya kabisa kwa mtoto wa kidato cha nne, najua amehamia, au ana mjomba Dar.

Majengo nayo yanasoma hivyo hivyo. Darasa la zamani kabisa ni la enzi za MMES, ule mpango wa sekondari ulioanza 2004. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, watoto wamejaa, wakimaliza la saba hawana pa kwenda, ikabidi kila kata ijenge sekondari yake. Mawe na mchanga tulibeba sisi, serikali ikaleta bati. Marehemu mume wangu aliponda kokoto za msingi wa lile jengo. Pembeni yake kuna maabara, vyumba vitatu: fizikia, kemia, baiolojia. Hizo zilitokana na agizo la 2012 lililotaka kila shule ya kata iwe nazo. Tulichangishwa, zikafika kwenye lenta, zikasimama. Popo walikaa mle miaka. Leo chumba kimoja kina meza, sinki na bomba linalotoa maji. Vingine viwili ni madarasa. Halafu kuna yale yanayong'aa, yenye vigae na madirisha ya alumini, ya fedha za UVIKO za 2021. Nchi nzima yalijengwa 15,000, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari. Mtu wa mjini akipita barabarani anayaona hayo tu, anasema shule nzuri, sasa mbona wanafeli?

Wanafeli kwa sababu ya saa mbili za siku. Ndiyo neno langu katika uzi huu, mengine yote ni maelezo. Saa ya kwanza ni ile ya alfajiri mtoto akiwa njiani, saa ya pili ni ile ya mchana akiwa na njaa.

Njiani kwanza. Wa vitongoji vya ndani huko kwenye mashamba wanaondoka saa kumi na moja, giza bado. Tanga yetu ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua, lakini tazameni nani anapewa baiskeli nyumbani. Mvulana. Msichana anatembea, au anabebwa na mtu, na huyo mtu hambebi bure kila siku. Mengine sitayaandika, wenye mabinti wamenielewa. Masika yakianza, njia ya mchanga inakuwa mkondo, wanavua viatu wanavibeba kichwani. Saa moja na nusu ni paredi. Aliyechelewa anaokota taka uwanja mzima wakati wenzake wameshaanza hisabati.

Mchana sasa. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikaondolewa 2016, na nashukuru kwa moyo wote, maana nilikuwa nashona sketi za watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada na hawakurudi tena kuzichukua. Lakini chakula cha shule ya kutwa hakimo kwenye elimu bila ada. Hicho ni cha mzazi. Kwa miaka mingi pale kwetu hakikuwepo. Ikifika saa nne, mwenye shilingi mia mbili anakwenda kwa mama wa bagia na mihogo nje ya uzio, asiye nayo anakwenda kwenye tanki kunywa maji. Vipindi vinakwisha saa nane na nusu. Hebu hesabuni wenyewe, tangu saa kumi na moja alfajiri.

Nilikuwa nawaona wanarudi. Mtoto wa kike mrefu, kidato cha tatu, alikuwa akifika kibandani kwangu anaomba akae kwenye benchi "apumzike kidogo shangazi", na analala hapo hapo ameegemea vitambaa. Nilidhani ni uvivu. Siku moja nilikuwa nakula, nikamkaribisha. Alikula wali wa jana kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika shavu.

Nikapeleka jambo hili kwenye kikao cha wazazi. Yalikuwa mapambano. Wapo waliosema michango imekatazwa, nikawajibu kilichokatazwa ni kumfukuza mtoto kwa mchango, chakula ni makubaliano yetu wazazi. Wapo waliosema hawana fedha, na ni kweli hawana. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyetufungua macho: "Mimi pesa sina, mihogo ninayo." Basi tukakubaliana kwa vitu. Mwenye mahindi alete mahindi, mwenye maharage, mwenye nazi, mwenye kuni alete kuni, asiye na chochote aje kupika zamu yake. Tulianza na kidato cha nne peke yao, makande siku tatu kwa wiki. Sasa ni shule nzima siku nne, Ijumaa wanatoka mapema.

Walimu watawaambia wenyewe mabadiliko waliyoyaona vipindi vya mchana. Mimi nasema nililoliona: benchi langu sasa liko wazi.

Naomba niseme na la mtoto mmoja zaidi. Alikuja kwangu na sketi yake ya zamani, akaniomba nipanue kiuno. Alikuwa amejifungua. Waraka wa Novemba 2021 ndio uliomruhusu kurudi, kabla ya hapo safari yake ya shule ya serikali ilikuwa imekwisha. Kitambaa hakikutosha, nikakata upya, sikumtoza. Siku ya kwanza alisimama kibandani karibu robo saa, hathubutu kuingia ile njia ya mchanga. Nikafunga cherehani nikaenda naye mpaka getini. Yupo kidato cha tatu sasa. Na yeye akifika cha nne atakuwa jina moja kwenye picha mtakayoileta humu.

---

BabaMapacha ameandika:

Dada FundiSketi, umeandika vizuri na nakuheshimu, lakini hebu tuwe wakweli. Wanangu nimewatoa shule za kata nimewapeleka ya kulipia, naumia kila muhula lakini wanasoma. Matokeo ni matokeo. Mtihani ni ule ule, NECTA ni ile ile. Mtoto wa divisheni four anaenda wapi? Huruma haitompa kazi.

---

FundiSketi ameandika:

Baba Mapacha, wanao Mungu awafungulie, sina neno kwa mzazi anayejinyima kwa ajili ya wanawe. Ila umeuliza swali na nitalijibu kwa binti yangu.

Pointi zinahesabiwa kwa masomo saba bora, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na divisheni four inaanzia pointi 26 mpaka 33. Mwenye D mbili tu yumo, na mwenye C moja tu yumo, maana wote wanafika 33. Na binti yangu wa 28 yumo humo humo. Yeye ana C ya Kiswahili, C ya baiolojia, D ya kemia, D ya fizikia, D ya jiografia. Yaliyobaki ameanguka, hisabati ikiwemo. C mbili hazimpeleki kidato cha tano, zinatakiwa tatu. Lakini uuguzi wanataka D nne zenye kemia, baiolojia na fizikia ndani yake. Anazo. Ile D ya fizikia ameipata kwa mwalimu wa kujitolea, kijana aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kutoka Makorora, analipwa na wazazi kwa kadiri tunavyojaliwa. Fomu za chuo tunajaza.

Kwenye picha yenu haya hayasomeki. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Sisi humu ndio tunaendelea kuzipanga.

---

Mzee wa Raskazone ameandika:

Wajukuu zangu, nimefundisha sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu. Fundi amesema saa mbili. Mimi nakubali na naongeza ya tatu: saa ile mtoto anapoingia kidato cha kwanza na lugha inabadilika.

Watu wa Tanga tuna historia katika jambo hili. Shule ya Tanga walioifungua ni Wajerumani, katika miaka ya 1890, na ni miongoni mwa shule za mwanzo kabisa za serikali katika nchi hii. Haikuwa ya misheni, na kwa sababu hiyo wazee wa Kiislamu wa pwani wakaona wanaweza kuwapeleka watoto. Na ilifundisha kwa Kiswahili. Makarani na maakida waliotoka pale walifanya kazi ya ofisi kwa Kiswahili. Gazeti la Kiongozi, la mwanzoni mwa karne ya 20, lilichapwa hapa hapa Tanga kwa Kiswahili. Nalisema hili bila kuwasifu Wajerumani, walikuwa wanatafuta watumishi wao. Nasema tu kwamba mtoto wa Tanga alishawahi kusoma kwa lugha aliyoota nayo ndoto.

Leo anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anafika sekondari anapewa wiki chache za kuzoea Kiingereza, kisha historia, jiografia, baiolojia, yote yanamjia kwa lugha hiyo. Sera ya elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Madarasani sikuiona ikifika. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka upande wa Mabokweni, darasa la saba alikuwa wa kwanza, mwepesi wa kusimulia. Kidato cha kwanza alinyamaza. Muhula mzima. Nilimfuata baada ya vipindi, nikamuuliza kwa Kiswahili swali lile lile la darasani, akanijibu vizuri kuliko kitabu.

---

FundiSketi ameandika:

Shikamoo mwalimu. Umenikumbusha jambo. Binti yangu usanisinuru aliujua tangu shule ya msingi, mmea unavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua, alikuwa ananifundisha mimi. Sekondari likaja jina la Kiingereza refu, akalikariri muhula mzima akidhani ni somo jipya. Siku aliyogundua ni usanisinuru ule ule alilia. Akaniambia, "Mama, kumbe nilikuwa najua." Ile C ya baiolojia naihesabu kuanzia siku hiyo.

---

Mwalimu wa Zamu ameandika:

Nafundisha shule ya kata, siyo hiyo ya kwa Fundi, mimi niko upande wa barabara ya Segera. Naomba niseme ya ndani kidogo.

Wazazi wengi wanadhani shule ina fedha nyingi kwa sababu majengo yanang'aa. Ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu ya hiyo ni ya vitabu ambavyo vinanunuliwa huko juu. Inayobaki shuleni ndiyo chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati wa dawati na michezo. UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari, ikikaribia tunagawana mpira mmoja. Fidia ya ile ada ya 20,000 inakuja pia. Tunashukuru, lakini piga hesabu ya siku zote ambazo mtoto yuko mikononi mwetu.

Na kuhusu makande: kipindi changu cha hisabati cha saa saba na nusu nilikuwa nafundisha vichwa vilivyolala mezani. Niliwachapa, nasema kwa majuto. Nilidhani ni nidhamu. Shule yetu ilipoanza uji wa saa nne ndipo nilipoelewa kwamba niliwaadhibu watoto kwa njaa.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na umefanya somo la biashara kuwa la lazima kidato cha kwanza. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili. Mzee wangu wa Raskazone, ungekaa nyuma ya darasa kwenye kipindi hicho ungefurahi. Mikono inanyooka mpaka nashindwa nimchague nani. Kengele ikigongwa anaingia mwenzangu wa jiografia, mikono inashuka. Watoto ni wale wale, kwenye madawati yale yale.

---

Kijana wa Mchanga ameandika:

Fundi, shikamoo. Wewe hunijui kwa jina hili lakini suruali yangu ya kwanza ya shule uliishona wewe na pindo lake. Nimesoma pale, nikaenda ufundi, sasa niko Mwanza nafunga umeme. Ile njia ya mchanga naijua hata nikifumba macho. Sisi hatukuwa na makande. Tulikuwa tunachimba mihogo ya watu tukirudi, na wenye mashamba walijua na walinyamaza, Mungu awalipe. Niambie mnahitaji nini. Sina nyingi.

---

BabaMapacha ameandika:

Nimesoma yote, ya mwalimu nimeyasoma mara mbili. Ile picha ya matokeo niliyeileta humu ni mimi. Nimeomba ifutwe. Dada, naomba radhi kwako na kwa binti.

---

FundiSketi ameandika:

Baba Mapacha, nimepokea. Na binti nimemsomea, amesema "haina neno".

Kijana wangu wa Mwanza, marahaba, nimelia nikacheka. Jiko letu ni la mafiga matatu chini ya mwembe, mvua ikinyesha makande hayaivi na watoto wanarudi darasani bure, na masika ndiyo hayo yanakuja. Bati kumi zinatosha kibanda, nguzo za minazi tunazo, kupaua watapaua akina baba. Sufuria mbili kubwa tumeazimwa na msikiti, kukiwa na maulidi zinarudi, siku hiyo hatupiki. Kwa hiyo ukiniuliza kwanza kipi, ni bati. Na ukija likizo, kile chumba cha maabara chenye meza hakina umeme, waya zimeishia ukutani. Mkuu wa shule nimeshamwambia kuna fundi wetu yuko Mwanza.

Wengine mlioniuliza faraghani: mahindi tunapokea Jumamosi asubuhi hapa kibandani, maharage yoyote, hata kilo moja. Wiki ijayo zamu ya kupika ni ya wazazi wa kidato cha pili. Mje na kanga ya kufunga kichwani na kisu chenu, vya shule ni vibutu.